Rodi ya pistoni (pampu ya rangi)

Rodi ya pistoni (huitwa pia fimbo ya pistoni) ya pampu ya rangi ni kipande cha chuma cha mviringo, kilichonyooka na chenye uso laini unaong'aa, kinachopanda na kushuka ndani ya silinda ya mashine ya kupulizia rangi bila hewa. Kazi yake ni kupokea nguvu ya mota na kuigeuza kuwa shinikizo ndani ya rangi. Pamoja na pakingi, gololi na vikalio vya vali, rodi ni kati ya sehemu za pampu ambazo huchakaa kwa matumizi ya kawaida na hutengenezwa ili ziweze kubadilishwa.

Kubadilisha rodi iliyochakaa hakuhitaji zana nyingi, na fundi mwenye uzoefu huimaliza kazi hiyo katika karakana ndogo au kwenye eneo la ujenzi. Hata hivyo mambo mawili huamua kama kazi itakuwa salama na kama itadumu. La kwanza ni kuondoa shinikizo lote kabla ya kugusa nati yoyote. La pili ni kuitazama rodi na pakingi kama jozi moja: pakingi mpya zikiwekwa juu ya rodi yenye mikwaruzo huharibika upesi, na gharama inabidi ilipwe mara ya pili.

## Mashine inayoitumia

Mashine isiyotumia hewa hufanya kazi tofauti na bunduki ya rangi ya kompresa ambayo huonekana katika gereji za magari. Katika bunduki ya kompresa, hewa ndiyo inayoipasua rangi kuwa matone madogo. Katika mashine isiyotumia hewa, pampu huisukuma rangi yenyewe kwa shinikizo kubwa kupitia tundu dogo la nozeli. Rangi inapotoka kwa kasi na kukutana na hewa iliyotulia, hupasuka kuwa matone na kutandaa kwa umbo la pembetatu bapa.

Shinikizo la kazi kwa kawaida ni kati ya bar 100 na bar 210 (takriban psi 1,500 hadi 3,000), na mashine kubwa za viwandani huzidi hapo. Kwa kulinganisha, gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 hadi 2.5 tu.

Tundu la nozeli huwa ndani ya kipande cha kabidi ya tungsteni ili lisiliwe upesi. Ukubwa wake huandikwa kwa namba yenye tarakimu tatu. Nozeli ya 517, kwa mfano, hutoa mkanda wa rangi wenye upana wa inchi 10 (tarakimu ya kwanza mara mbili, yaani sentimita 25) ikishikwa umbali wa sentimita 30 kutoka ukutani, na tundu lake lina kipenyo cha inchi 0.017, sawa na milimita 0.43.

Mashine hizi hutumika kupaka kuta na dari za majengo, mapaa ya mabati, matangi, madaraja ya chuma na meli, hasa pale ambapo eneo ni kubwa na brashi au rola ingechukua muda mrefu.

## Historia

Kupaka kwa kupulizia kulianza kutumika kwa majengo makubwa mwishoni mwa karne ya 19. Katika maonyesho ya dunia ya mwaka 1893 mjini Chicago, Marekani, majengo mengi yalipakwa rangi nyeupe kwa mashine ili kazi iishe kwa wakati.

Pampu za shinikizo kubwa zilikuja kwa njia nyingine, kupitia kazi ya kupaka magari grisi. Mwaka 1926 ndugu wawili, Russell Gray na Leil Gray, walianzisha kampuni ya Gray mjini Minneapolis, Marekani, kutengeneza vifaa vya kusukuma grisi kwa nguvu ya hewa. Kampuni hiyo baadaye ilijulikana kwa jina la Graco. Katika miaka ya 1950 upuliziaji wa rangi bila hewa uliingia sokoni, na pampu za aina hiyo zikatengenezwa pia Ulaya, kwa mfano na kampuni ya Wagner ya Ujerumani. Tangu wakati huo mota zimebadilika sana, kutoka mota za hewa hadi za umeme, za petroli na za hidroliki. Sehemu inayogusa rangi, yaani rodi, pakingi na gololi mbili, imebaki na umbo lilelile kwa jumla.

## Muundo wa pampu

Sehemu ya pampu inayogusa rangi hufungwa chini ya gia za mota. Ndani yake kuna vitu vifuatavyo:

* Rodi ya pistoni. Kwa kawaida ni chuma kisichoshika kutu kilichopakwa tabaka la kromi ngumu, au wakati mwingine tabaka la kauri. Ncha ya juu ina tundu la pini inayoiunganisha na konrodi. Ncha ya chini ina hesi za kufungia pistoni.
* Silinda. Ni bomba lenye ukuta laini ambamo pistoni hutembea. Katika mashine nyingi kuna slivu ya ndani inayoweza kubadilishwa.
* Vali ya kuingizia. Iko chini kabisa ya pampu. Ina gololi inayokaa juu ya kikalio kigumu, na hufunguka rangi inapovutwa kutoka kwenye ndoo.
* Vali ya pistoni. Iko ndani ya ncha ya chini ya rodi. Nayo ina gololi na kikalio, lakini gololi yake huwa ndogo kuliko ile ya vali ya kuingizia.
* Pakingi za juu. Huizunguka rodi mahali inapotokea nje ya silinda, na huzuia rangi isipande juu kuelekea gia.
* Pakingi za chini. Hufungwa kwenye pistoni na kupanda na kushuka pamoja nayo. Huziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda.
* Nati ya pakingi. Hukandamiza pakingi za juu. Juu yake kuna kikombe kidogo cha mafuta maalumu ya kulainisha rodi.

Pakingi zina umbo la herufi V na hupangwa kwa kupishana: moja ya ngozi, moja ya plastiki ngumu ya polietilini. Ngozi hunyonya mafuta na kulainisha rodi, plastiki huhimili msuguano. Midomo ya V huelekezwa upande unaotoka shinikizo, ili rangi inaposukuma iingie kati ya midomo na kuipanua. Kwa njia hiyo shinikizo likipanda, pakingi nazo hubana zaidi.

## Jinsi rodi inavyofanya kazi

Pampu hii hutoa rangi katika miendo yote miwili, wa kupanda na wa kushuka, ingawa ina mlango mmoja tu wa kuingizia.

Rodi inapopanda, vali ya kuingizia hufunguka na rangi huvutwa kutoka kwenye ndoo kujaza chumba cha chini. Wakati huohuo vali ya pistoni imefungwa, na rangi iliyo juu ya pistoni husukumwa kwenda kwenye mpira na bunduki. Rodi inaposhuka, vali ya kuingizia hufungwa na vali ya pistoni hufunguka. Rangi ya chumba cha chini hupita katikati ya pistoni kwenda juu. Kwa kuwa rodi yenyewe imechukua sehemu ya nafasi ya chumba cha juu, rangi yote haienei humo, na iliyozidi hutoka kwenda kwenye bunduki.

Kwa sababu hiyo kipenyo cha rodi si jambo la kubahatisha. Ili miendo miwili itoe kiasi sawa cha rangi, eneo la mkato wa rodi linapaswa kuwa nusu ya eneo la mkato wa silinda. Silinda yenye kipenyo cha milimita 30, kwa mfano, ingehitaji rodi ya takriban milimita 21. Rodi yenye kipenyo tofauti kidogo, hata ikionekana kuingia, haiwezi kushika pakingi za pampu hiyo.

Nguvu inayopita kwenye rodi ni kubwa. Rodi ya milimita 18 ikishuka ndani ya pampu yenye shinikizo la bar 200 husukumwa na rangi kwa nguvu ya takriban nyutoni 5,000, yaani karibu uzito wa kilo 500. Hiyo ndiyo sababu pini ya konrodi isiyokaa vizuri huvunja sehemu nyingine kwa muda mfupi.

## Sababu za kuchakaa

Rangi nyingi zina chembe ngumu. Dioksidi ya titani huipa rangi weupe, na unga wa kabonati ya kalsiamu au silika huongezwa ili kuijaza. Chembe hizi zikishikwa kati ya rodi na pakingi hufanya kazi kama msasa. Rangi za awali zenye unga wa zinki, rangi za kujazia matofali na rangi zenye mchanga huila rodi haraka kuliko rangi laini ya kumalizia.

Sababu nyingine za kawaida ni hizi:

* Rangi kukauka juu ya rodi. Mashine ikisimamishwa huku rodi ikiwa juu, sehemu iliyo nje hubaki na utando wa rangi. Utando huo ukikauka huwa mgumu na hukwaruza pakingi rodi inaposhuka tena.
* Kukosa mafuta kwenye kikombe. Bila mafuta ya kulainisha, rangi inayopenya kidogo hukauka papo hapo kwenye pakingi za juu.
* Nati ya pakingi kukazwa kupita kiasi. Msuguano na joto huongezeka, na ngozi hubanwa mpaka hupoteza mafuta yake.
* Rangi isiyochujwa. Magamba ya rangi kavu na mchanga kutoka kwenye ndoo huingia moja kwa moja kwenye silinda.
* Kutu. Maji yakiachwa ndani ya pampu kwa siku nyingi hupenya kwenye vitundu vidogo vya kromi na kula chuma cha chini yake, kisha kromi hubanduka vipandevipande.
* Nozeli iliyochakaa. Tundu likipanuka, rangi inayotoka kwa dakika huongezeka na pampu hupiga miendo mingi zaidi kwa eneo lilelile la ukuta.

Tabaka la kromi ni jembamba, sehemu ndogo tu ya milimita. Likishakwaruzwa haliwezi kurekebishwa kwa msasa, kwa sababu msasa huondoa kromi iliyobaki na kupunguza kipenyo. Hata upungufu mdogo una athari kubwa: katika mwanya mwembamba kiasi cha kimiminika kinachovuja hukua kwa kipeo cha tatu cha upana wa mwanya, hivyo mwanya ukiwa maradufu uvujaji unaweza kufika mara nane.

## Dalili na uchunguzi

Dalili ya wazi ya rodi au pakingi za juu kuchakaa ni rangi kupanda na kujaa kwenye kikombe cha mafuta. Ikiwa nati ya pakingi imekazwa kidogo na uvujaji ukarudi baada ya muda mfupi, pakingi zimefika mwisho na rodi inahitaji kukaguliwa.

Dalili nyingine ni mota kuwaka yenyewe huku kifyatulio kimeachwa. Katika pampu nzima, shinikizo likifika kiwango kilichowekwa mota husimama na kubaki imesimama. Ikiwa inaanza tena kila baada ya sekunde chache, rangi inavuja mahali fulani. Mwendo wa rodi husaidia kutambua mahali hapo:

* Rodi ikishuka kwa haraka au kuendelea kushuka wakati bunduki imefungwa, vali ya kuingizia haizibi. Rangi inarudi kwenye ndoo.
* Rodi ikipanda kwa haraka au kuendelea kupanda, vali ya pistoni au pakingi za chini hazizibi. Rangi inapita pembeni ya pistoni kurudi chini.
* Rangi ikitiririka kwenye mpira mdogo wa kurudishia, kosa liko kwenye vali ya kuachilia shinikizo wala si kwenye rodi.
* Pampu ikivuta viputo vya hewa, muungano wa bomba la kuvutia umelegea, au rangi imepungua kwenye ndoo.

Kabla ya kuilaumu rodi fundi husafisha machujio yote na kujaribu nozeli mpya, kwa maana nozeli kubwa au iliyoliwa hushusha shinikizo kwa namna inayofanana na pampu mbovu.

Rodi yenyewe hukaguliwa baada ya kutolewa na kusafishwa. Ukucha hupitishwa polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukinasa kwenye mfuo wowote, rodi hiyo haifai. Vilevile haifai ikiwa chuma cha rangi tofauti kinaonekana chini ya kromi, ikiwa ina vitundu vya kutu, au ikiwa imepinda.

## Hatari ya shinikizo

Mota ikizimwa, shinikizo hubaki ndani ya pampu, mpira na bunduki, hata umeme ukichomolewa. Shinikizo hilo linaweza kuipenyeza rangi ndani ya mwili kupitia ngozi nzima. Ajali hii huweza kutokea kwenye nozeli, kwenye mpira uliotoboka au kwenye muungano uliolegea. Kwa hiyo uvujaji hautafutwi kwa kidole wala kwa kitambaa kilichoshikwa mkononi, na glavu za kawaida hazizuii chochote.

Jeraha la aina hii hudanganya. Mara nyingi huonekana kama tundu dogo la sindano, lisilotoa damu nyingi na lisilouma sana mwanzoni. Ndani, rangi na thina huwa zimesambaa kando ya mishipa na kano, na huanza kuua nyama. Ni dharura ya upasuaji. Aliyejeruhiwa anapaswa kufikishwa hospitali yenye daktari wa upasuaji ndani ya saa chache za mwanzo, na kueleza kwamba amepigwa na rangi ya shinikizo kubwa. Kopo la rangi au maelezo yake yapelekwe pia, kwa kuwa rangi za thina hudhuru zaidi kuliko rangi za maji. Kucheleweshwa kwa matibabu kumewafanya wengi kukatwa kidole au mkono.

Hatua za kuondoa shinikizo ni hizi:

1. Kifyatulio hufungwa kwa kufuli lake, kisha mota huzimwa na kuchomolewa kwenye umeme.
2. Kidhibiti cha shinikizo hugeuzwa hadi kiwango cha chini kabisa.
3. Kufuli hufunguliwa, bunduki huegemezwa kwenye ukingo wa ndoo ya chuma iliyounganishwa na ardhi, na kifyatulio huvutwa mpaka rangi ikome kutoka.
4. Kifyatulio hufungwa tena, na vali ya kuachilia shinikizo hufunguliwa na kuachwa wazi mpaka kazi yote iishe.

Ikiwa nozeli au mpira umeziba, shinikizo linaweza kubaki nyuma ya mahali palipoziba. Katika hali hiyo nati inayoshika nozeli au ncha ya mpira hulegezwa polepole sana, robo ya mzunguko kwa wakati, kisha hufunguliwa kabisa.

## Kubadilisha rodi

Hatua zifuatazo ni za pampu ndogo na za kati zinazoendeshwa kwa umeme. Mashine hutofautiana, na vipimo vya kukaza nati hupatikana katika kitabu cha mashine husika.

### Maandalizi

Zana zinazohitajika ni spana kubwa mbili, nyundo ya kawaida, nyundo ya mpira au ya mbao, jiliwa, bisibisi, kipande cha shaba au mbao cha kugongea, brashi laini, na grisi. Vipuri ni rodi mpya na seti kamili ya pakingi ya modeli hiyo. Seti nzuri huwa pia na gololi na oringi.

Pakingi za ngozi hulowekwa kwenye mafuta mepesi ya mashine, kwa mfano mafuta ya daraja la 30, kwa muda wa saa moja au zaidi. Ngozi kavu huungua mara pampu inapoanza.

Pampu husafishwa kwa maji kama ilitumia rangi ya maji, au kwa thina kama ilitumia rangi ya mafuta. Thina husukumwa kwa shinikizo dogo, bila nozeli, mbali na moto. Kemikali za kusafishia zenye klorini, zikiwemo dawa za kuondolea madoa, hazitumiki kwa sababu zinaweza kuingiliana vibaya na sehemu za alumini ndani ya pampu yenye shinikizo na kusababisha mlipuko.

### Kutoa pampu

1. Mfuniko wa mbele hufunguliwa. Mota huzungushwa kidogo kidogo kwa kuiwasha na kuizima mpaka rodi ifike chini na pini yake ionekane.
2. Umeme huchomolewa na shinikizo huondolewa tena kwa hatua zilizotajwa juu.
3. Bomba la kuvutia na mpira wa bunduki huondolewa.
4. Springi inayoshika pini husukumwa juu, na pini hutolewa kwa kugongwa taratibu.
5. Nati kubwa ya kufungia pampu hulegezwa kwa kuigonga upande wake kwa nyundo, kisha pampu huzungushwa mpaka itoke kwenye mwili wa mashine.

### Kuifungua

Pampu hufungwa kwenye jiliwa kwa kuibana sehemu zake bapa, kamwe si silinda, kwa kuwa ikibanwa hupoteza mviringo wake. Nyumba ya vali ya kuingizia hufunguliwa kwanza, na gololi, kikalio na oringi hutolewa na kuwekwa kwa mpangilio wake. Nati ya pakingi hulegezwa. Rodi hugongwa kwa nyundo ya mpira mpaka itoke kupitia upande wa chini wa silinda. Pakingi za zamani hutolewa bila kukwaruza ukuta wa ndani, na mwelekeo wa kila moja huandikwa au kupigwa picha kabla haijaondolewa.

### Kukagua

Silinda husafishwa na kumulikwa kwa tochi. Mifuo ya wima kwenye ukuta wake huharibu pakingi za chini kama vile mikwaruzo ya rodi inavyoharibu pakingi za juu. Silinda au slivu yenye mifuo hubadilishwa pamoja na rodi. Gololi inayofaa hung'aa pande zote bila alama. Kikalio kinachofaa kina ukingo mwembamba usiokatika. Vikalio vingi vya kabidi vinaweza kugeuzwa na kutumiwa upande wa pili.

### Kuunganisha

1. Pistoni huondolewa kwenye rodi ya zamani. Gololi, kikalio na pakingi za chini hufungwa kwenye rodi mpya, midomo ya V ikitazama juu.
2. Hesi husafishwa. Pale kitabu kinapoagiza, tone la gundi ya hesi huwekwa, kwa uangalifu lisifike kwenye gololi. Pistoni hukazwa kwa kipimo kilichotajwa.
3. Pakingi za juu huwekwa mahali pake, midomo ya V ikitazama chini. Nati ya pakingi hushikishwa kwa mkono tu.
4. Rodi na pakingi hupakwa grisi. Rodi huingizwa taratibu, ikiwa imenyooka. Ncha yake inaweza kukata midomo ya pakingi, kwa hiyo seti nyingi huja na kofia ya plastiki ya kuvisha ncha hiyo.
5. Vali ya kuingizia hurudishwa ikiwa na oringi mpya, na hukazwa.

### Kurudisha na kujaribu

Pampu huzungushwa kuingia kwenye mwili wa mashine mpaka hesi zilingane na uso, na mlango wa kutolea rangi uelekee ulikokuwa. Tundu la rodi hulinganishwa na la konrodi, na pini husukumwa mpaka mwisho. Springi ya kushikilia pini lazima irudi kwenye mfuo wake. Pini ikichomoza, itagonga mwili wa mashine katika mzunguko wa kwanza na kuvunja konrodi au gia. Nati kubwa hukazwa, na nati ya pakingi hukazwa kwa kipimo cha kitabu.

Kikombe hujazwa matone machache ya mafuta ya kulainisha. Pampu hujaribiwa kwanza kwa maji au thina, kwa shinikizo dogo, kisha shinikizo hupandishwa hatua kwa hatua. Kifyatulio kikiachwa, mota inapaswa kusimama na kubaki kimya. Baada ya saa chache za kazi nati ya pakingi hukaguliwa tena, kwa kuwa pakingi mpya hujikalia na huweza kuhitaji kukazwa kidogo.

## Makosa ya kawaida

* Kubadilisha pakingi na kuirudisha rodi yenye mikwaruzo. Uvujaji hurudi, na kazi yote hurudiwa.
* Kuisugua rodi kwa msasa au jiwe ili kuondoa mikwaruzo.
* Kushika rodi kwa koleo au kuibana moja kwa moja kwenye jiliwa. Meno yake huacha alama zilezile zilizokusudiwa kuondolewa.
* Kugeuza pakingi juu chini. Pampu huweza kufanya kazi na maji kwa shinikizo dogo, lakini haishiki shinikizo la rangi.
* Kukaza nati ya pakingi kwa nguvu zote ili kuzuia uvujaji.
* Kutumia rodi ya modeli nyingine kwa sababu urefu unalingana.

## Matunzo

Rodi hudumu zaidi ikiwa haikutani na rangi kavu. Rangi huchujwa kabla ya kuingia kwenye mashine, kwa mfuko maalumu wa kuchujia au soksi safi ya nailoni. Mafuta ya kikombe huongezwa kila siku ya kazi. Mashine inaposimamishwa, hata kwa muda wa chakula, rodi huachwa chini ya mwendo wake ili sehemu laini ibaki ndani ya silinda. Kazi ikiisha, pampu husafishwa siku ileile mpaka maji au thina inayotoka iwe safi. Kwa kuihifadhi zaidi ya siku chache, maji huondolewa na kubadilishwa kwa kimiminika maalumu cha kuhifadhia au mafuta mepesi ya madini, ili kromi na gololi zisishike kutu.